Neno la Tatu Halimo Kwenye Nembo

Mwaka jana nilialikwa kwenye mahafali ya mpwa wangu. Shule ni ya misheni, huko kusini, na jina lake sitalitaja kwa sababu na mimi nilisoma hapo hapo na nina mambo ya kusema. Mgeni rasmi alipanda jukwaani, akanyoosha kidole kwenye nembo iliyochorwa ukutani nyuma yake: msalaba, jembe, na chini yake utepe wenye maneno Ora et Labora. Akasema, "Kama alivyotufundisha Mtakatifu Benedikto miaka elfu moja na mia tano iliyopita: sali na ufanye kazi!" Watu wakapiga makofi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akapiga na kigelegele.

Mimi mikono ilikaa mapajani. Sina ugomvi na sala, na kazi nimeifanya. Tatizo langu ni kwamba Benedikto hakusema hivyo. Kanuni yake nimeisoma mara mbili, sura zote 73, na maneno hayo hayamo. Yaliyomo, laiti ningeyajua nikiwa kidato cha pili, yangenipa la kujibu siku ile ya kisiki cha mkorosho.

Hebu niisimulie hiyo kwanza.

Shule yetu ilikuwa na shamba kubwa la mahindi, mihogo na mikorosho. Kila siku saa tisa alasiri kengele inalia, mnabadili nguo, mnabeba majembe na makwanja, mnakwenda. Siku hiyo mimi nilikwenda nyuma ya ghala. Nilikuwa na riwaya mkononi, ya kuazimwa, imeshafumuka jalada, na nilipewa usiku mmoja na mchana mmoja tu kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu. Usiku taa zilizimwa mapema. Kwa hiyo mchana ndio ulikuwa umebaki, na mchana wenyewe ulikuwa unaisha. Zilibaki kama kurasa 30 hivi.

Kiranja wa kazi akanikuta. Akanipeleka kwa mwalimu wa zamu, ambaye hakupiga kelele wala nini. Aliuliza tu, kwa upole unaotisha, "Unasoma wakati wa labora?" Kitabu akakiweka kwenye droo. Mimi nikapewa kisiki.

Aliyewahi kung'oa kisiki cha mkorosho haitaji kuelezwa. Unachimba kuzunguka, unafikiri umefika kwenye mzizi mkuu, kumbe ni mtoto wake. Nilichimba siku tatu. Kitabu hakikurudi, mwenye nacho hakunisemesha hadi tumalize shule, na mwisho wa ile riwaya nilikuja kuujua baada ya miaka sita, nilipoikuta kwa muuza vitabu vya mitumba.

Wakati huo hakuna aliyejua maneno ya nembo yana maana gani, na tuliyavaa kifuani kila siku. Rafiki yangu mmoja aliamini kabisa kwamba Padri Ora ndiye aliyejenga kanisa na Sista Labora ndiye aliyejenga zahanati. Mwingine alisema ni jina la kiwanda kilichofuma masweta. Tulifika kidato cha tatu ndipo padri mkuu wa shule akatufafanulia kwenye mahubiri. Akaandika ubaoni LABORA, akachora duara kuzunguka herufi tatu za mwisho. "Mnaona? Ora imo ndani ya labora. Sala imo ndani ya kazi." Ilikuwa nzuri, nakiri. Mchekeshaji wetu wa darasa akanong'ona kwamba ukiitoa ora inabaki lab, na lab yenyewe shule haina.

Nilipokuja kujifunza Kilatini kidogo, cha kujifundisha mwenyewe na kamusi iliyochakaa, jambo la kwanza lililonishtua ni kwamba maneno yale mawili ni amri. Tena amri ya umoja. Ora: wewe, sali. Labora: wewe, fanya kazi. Kwa Kiswahili mara nyingi tunayatafsiri "Sala na Kazi", na tafsiri hiyo inayalainisha, maana nomino haimwamrishi mtu. Wala hayasemi "tusali, tufanye kazi", ambayo ingemjumuisha na msemaji. Kuna mtu amesimama hapo, haonekani, anakuelekezea kidole. Na kitenzi chenyewe laborare kina upande mwingine: mgonjwa naye, kwa Kilatini, aliweza kusemwa kwamba ana-labora kwa ugonjwa wake, yaani anataabika. Kwa hiyo labora unaweza kuisoma "taabika wewe" na usiwe mbali sana na ukweli. Wenzangu wa shamba la mihogo wangeikubali tafsiri hiyo bila mjadala.

Sasa Benedikto mwenyewe. Aliandika Kanuni yake karne ya 6, huko Monte Cassino nchini Italia, kwa ajili ya kundi la watawa walioishi pamoja chini ya abate. Mambo ya kazi yako sura ya 48. Anaanza kwa kusema kwamba uvivu ni adui wa roho, na hapo kila mtu anayependa kuwasimanga vijana husimama, anafunga kitabu, anakwenda kutoa hotuba. Angeendelea kidogo tu! Maana palepale Benedikto anataja dawa, na dawa ni mbili: saa fulani ndugu washughulike na kazi za mikono, na saa nyingine washughulike na kusoma. Anazitaja zote mbili kwa pumzi moja.

Halafu anagawa saa, na hapa Mswahili anamwelewa kuliko Mzungu, kwa sababu Warumi walihesabu saa kama sisi, kuanzia kuchomoza kwa jua. Kuanzia Pasaka hadi Oktoba, watawa wafanye kazi tangu asubuhi hadi karibu na saa ya nne. Saa ya nne hadi ya sita wasome. Saa nne hadi saa sita, jamani, si usiku baada ya kuchoka wala Jumamosi ukibaki muda. Ni asubuhi, akili ikiwa bado mbichi. Baada ya chakula cha mchana wapumzike vitandani kimya, na anayependa kusoma muda huo asome, ila kwa namna ya kutomsumbua mwenzake. Hilo la mwisho linanichekesha kila nikilifikiria, maana watu wa zamani walizoea kusoma kwa sauti, na inaelekea Benedikto alishawahi kuamshwa.

Kwaresima inapofika, kila mtawa anapewa kitabu kimoja kutoka maktaba, akisome chote kwa mpangilio, toka mwanzo hadi mwisho. (Ninyi wasomaji wenzangu mlioanza vitabu kumi mwaka huu mkamaliza viwili, mnajijua. Nami nimo.) Na kisha ndilo linakuja lile lililonifanya niweke kitabu chini nikatoka nje kutembea. Anaagiza wateuliwe wazee mmoja au wawili wazunguke monasteri saa za kusoma, waangalie kama kuna ndugu mvivu anayepiga soga badala ya kusoma, ambaye anajipotezea muda mwenyewe na kuwavuruga wengine. Yaani viranja, wale wale! Tofauti ni kwamba wa Benedikto walizunguka kumsaka asiyesoma.

Halijaisha. Jumapili, anasema, wote wasome, isipokuwa wenye majukumu maalumu. Na akiwepo mtu mzembe kiasi kwamba hataki au hawezi kusoma, huyo apewe kazi ya kufanya, asikae bure.

Soma tena hapo. Kazi anapewa aliyeshindwa kusoma. Mimi nilipewa kisiki kwa kushindwa kuacha kusoma, na juu ya kisiki hicho paliwekwa jina la mtu aliyeandika sura hiyo.

Nisije nikampamba mzee wa watu, hata hivyo. Kusoma kwake kulikuwa kusoma Maandiko na maandishi ya mababa wa Kanisa, na sidhani angefurahia riwaya yangu ya mapenzi na bastola. Huenda naye angeitia kwenye droo. Wala hakuwa mtu wa kulegea, adhabu zimo za kutosha katika Kanuni yake. Ila katika sura hiyo hiyo ya kazi anataka kila kitu kifanyike kwa kipimo, kwa kuwafikiria wanyonge, na ndugu mgonjwa au dhaifu apewe kazi isiyomwacha bure wala kumvunja. Wenye malaria wa bweni letu, ambao waliambiwa jembe ndilo litakalotoa homa, wangependa kuisikia.

Kama si Benedikto, basi maneno yametoka wapi? Wanaofuatilia mambo haya huyaona yakisambaa kama wito wa Wabenediktini katika karne ya 19, na anayetajwa zaidi ni Maurus Wolter, abate wa kwanza wa Beuron, kusini mwa Ujerumani, monasteri aliyoianzisha na ndugu yake Placidus mwaka 1863. Kwetu jina la Beuron si la mbali kama linavyosikika. Mmoja wa watawa wake, Mswisi Andreas Amrhein, ndiye aliyeanzisha mwaka 1884 shirika ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la St. Ottilien, Wabenediktini wa kimisionari. Mwaka 1888 watu wake walikuwa wameshajenga Pugu, nje ya Dar es Salaam. Baadaye wakaja Peramiho, mwaka 1898, na Ndanda, mwaka 1906. Kwa hiyo maneno tunayodhani ni ya kale kama magofu ya Roma yalikuwa bado na wino mbichi yalipopanda meli kuja kwetu.

Kuna atakayesema: sasa nini? Maneno mazuri ni maneno mazuri hata kama aliyesingiziwa hakuyasema. Shule nyingi duniani zinabeba maneno ya Seneca yanayosema hatusomi kwa ajili ya shule bali kwa ajili ya maisha. Seneca aliandika kinyume chake. Alikuwa analalamika, katika barua ya 106 kwa rafiki yake Lucilius, kwamba tunasoma kwa ajili ya shule na si kwa ajili ya maisha. Wakuu wa shule wakaigeuza, lalamiko likawa majigambo. Nani kaumia?

Pengine hakuna. Lakini la Benedikto nadhani kuna walioumia, na wameumia kwa sababu neno moja kati ya matatu lilibaki njiani. Wabenediktini wenyewe wengine siku hizi husema ora et labora et lege: sali, fanya kazi, soma. Nembo hazisemi hivyo. Kwa nini lege iliachwa? Ninavyoona mimi, maneno mawili yana mlio mtamu wa kina, la tatu linauharibu. Na karne ya viwanda iliipenda kazi kuliko karne yoyote kabla yake, basi ilichukua ilichokipenda. Ajabu ni kuliacha neno hilo kwenye nembo za shule. Kiwanda cha matofali kikiandika "sali na ufanye kazi" tutaelewa. Shule?

Ila hata hilo silo lililonikalia kooni. Narudi kwenye ile amri ya umoja. Anaambiwa nani?

Katika ulimwengu wa Benedikto kazi ya mikono ilikuwa ya watumwa na maskini. Muungwana wa Kirumi alijivunia kutokuwa na sugu. Benedikto akawaweka ndani ya ua mmoja mtoto wa kabaila na mtu aliyewahi kuwa mtumwa, na katika sura ya 2 akamkataza abate asimtangulize aliyezaliwa huru mbele ya aliyetoka utumwani, isipokuwa kwa sababu nyingine ya haki. Katika sura ya 35 akaagiza ndugu wahudumiane jikoni kwa zamu, na anayemaliza wiki yake afue taulo walizojifutia wenzake mikono na miguu. Fikiria mtoto wa seneta anafua taulo la miguu ya mtumwa wa jana. Kumwambia mtu huyo "labora" kulikuwa kumpindua juu chini. Lilikuwa neno la kumtoa mahali alipokaa kwa raha na kumleta kwa wenzake.

Sasa chukua neno lile lile, usilibadilishe hata herufi, ulilete Afrika Mashariki karne ya 19.

Misheni ya Bagamoyo, ambayo haikuwa ya Wabenediktini bali ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, ilianza mwaka 1868 na watoto waliokombolewa utumwani. Walifundishwa dini na kusoma, na walilima. Sitaki kuwabeza wale mapadri. Wengi walikufa kwa homa wakiwa vijana, na watoto wale bila wao wangepelekwa sokoni. Lakini mtoto aliyetembezwa kutoka bara hadi pwani na kamba shingoni, amebeba pembe, kuna haja gani ya kumwambia afanye kazi? Hilo ndilo neno pekee alilokwisha kuambiwa maisha yake yote. Amri aliyokuwa hajawahi kuisikia kutoka kwa mtu yeyote ni ile ya tatu.

Nje ya kuta za misheni hali ilikuwa wazi zaidi. Mwaka 1886 mmisionari mmoja Mjerumani wa Kiprotestanti, Alexander Merensky, alichapisha kijitabu ambacho kichwa chake kinauliza ni njia ipi bora ya kumlea mtu mweusi kwa ajili ya kazi ya mashambani. Swali lilikuwa la mjini Berlin kabla halijawa la Bagamoyo. Kumfundisha Mwafrika kazi, kana kwamba walimkuta amelala, ulikuwa wimbo wa wakoloni wote. Mwaka 1905 Wamatumbi waliokuwa wanalimishwa pamba kwa lazima waliing'oa, na vita vya Maji Maji vikaanza hapo. Mwezi Agosti mwaka huo Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini aliyeianzisha Peramiho, aliuawa njiani pamoja na wenzake wanne. Mwezi uliofuata Peramiho ikachomwa moto. Spiss hakuwa mwenye shamba la pamba. Lakini mtu aliyechoka kusikia "labora" kutoka kwa akida mwenye kiboko hawezi kutulia na kupambanua kwamba "labora" hii ya mwenye msalaba ni ya sura ya 48 na ile nyingine ni ya gavana. Sikio lake limesikia neno moja.

Hapo ndipo nilipofika na bado nimekwama. Je, amri inaweza kuwa njema kwenyewe, au wema wake unategemea anayeitoa na anayepewa? Nilikuwa nadhani neno likiwa la kweli ni la kweli popote. Siku hizi sina uhakika. "Fanya kazi" ikitoka kwa mtu aliyeshika jembe kando yako ni kitu kimoja, na ikitoka kwa mtu aliyekaa kwenye kivuli cha mkorosho na fimbo mapajani ni kitu kingine, hata kama kamusi inasema ni kitenzi kilekile. Mwalimu wetu wa zamu, Mungu amrehemu, sikuwahi kumwona na jembe. Bruda mmoja mzee, fundi seremala, tulimwona kila siku na randa, maranda yamemjaa kwenye ndevu, na hakuna aliyewahi kumtoroka huyo. Hakuwa anasema labora wala nini. Alikuwa anasema "shika hapa".

Nyerere alilijua tatizo hili, na alikuwa na sababu ya kulijua: alifundisha shule ya misheni, Pugu hiyo hiyo, kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 aendelee na TANU. Alipoandika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka kila shule iwe na shamba. Watu wengi wanaishia hapo, kama wanaoishia kwenye sentensi ya kwanza ya sura ya 48. Lakini aliandika pia kwamba wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, waone faida ya jasho lao inakwenda wapi, na kwamba shamba la kutekeleza maagizo tu halielimishi mtu. Kilichotokea katika shule nyingi mnakijua kama mimi. Majembe yalifika, vikao vya kuamua havikufika. Mahindi yetu tulikuwa tunayaona mara ya mwisho yakipakiwa kwenye lori, na hakuna aliyetuambia lori linaelekea wapi. Nembo ya Kilatini na siasa ya Kiswahili zilikutana kwenye mgongo wa mtoto yule yule, na zote mbili zilikuwa zimekatwa nusu.

Nawaza mara nyingi kuhusu Uganda. Kule wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, wasomaji, na hata leo kwa Kiganda okusoma ni kusoma kitabu na pia ni kusali, kwenda kanisani. Yaani watu wa kawaida, bila abate wala kanuni, walitia ora na lege katika neno moja. Pwani yetu nako neno chuo, kabla halijawa jina la mahali pa kupatia shahada, lilikuwa kitabu. Mtoto alipelekwa chuoni kwa sababu ndiko kilikokuwa chuo. Nasi tukapewa nembo isiyokuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Lazima niseme na upande wa pili, maana dada yangu atasoma haya na atanipigia simu. Ni kweli kwamba najua kujenga ukuta wa matofali na haudondoki. Najua kubebesha mwembe. Nilipokosa ajira miaka miwili, si riwaya iliyonilisha, ni bustani ya mchicha, na mchicha nilijifunza shuleni. Dada yangu anasema kila mara kwamba watoto wa siku hizi hawajui hata kushika fagio na kwamba mimi nimesomeshwa na lile jembe ninalolitukana. Ana haki yake. Tena kuna jambo linalonifunga mdomo kabisa: vitabu vingi vya Kiswahili nilivyovishika utotoni, vya sala na visivyo vya sala, vilichapwa na hao hao Wabenediktini, Peramiho na Ndanda. Kuna bruda aliyesimama mbele ya mashine siku nzima, mikono myeusi kwa wino, anapanga herufi za lugha isiyokuwa ya mama yake, ili mimi nije nisome. Huyo alikuwa anafanya yote matatu kwa wakati mmoja.

Lege yenyewe, kabla ya kumaanisha "soma", ilimaanisha chuma, okota, kusanya, kama mtu anavyookota korosho chini ya mti. Warumi walikwenda kutoka shambani hadi kwenye kitabu kwa kitenzi kimoja tu. Siku ile nyuma ya ghala nilikuwa na korosho zimezagaa pande zote, na kitabu mkononi, na mwalimu wa zamu angeweza kunipa funzo la Kilatini ambalo nisingelisahau. Alinipa kisiki, na chenyewe sijakisahau.

Baada ya mahafali nilimwomba mpwa wangu anipeleke maktaba. Akaniangalia kidogo. "Mjomba, leo imefungwa." Nikamuuliza huwa inafunguliwa lini. Akasema Jumamosi mchana, tukimaliza shamba, kama mwalimu mwenye ufunguo hajasafiri. Tulikwenda hivyo hivyo tukachungulia dirishani. Vitabu vipo, vingi kuliko wakati wangu, vingine bado vimo kwenye maboksi ya wafadhili. Kwenye meza kulikuwa na majembe mapya matano, yamewekwa humo yasiibiwe.

Nilimuuliza yeye husoma saa ngapi. Akacheka, akasema usiku, kwenye simu, chini ya blanketi, na akaniomba nisimwambie mama yake kwamba ana simu.